Kovu la Uji

Toleo jipya limefika bandani kwa Mhuji,
Chang'ombe, nyuma ya mashine ya kukoboa,
na saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakasirika.

Wamekubadilisha, Oruva.

Siyo nywele. Nywele nasamehe.
Siyo shoka, ingawa sasa linang'aa
kama bomba la hospitali ya kulipia.
Wamekugusa kule nyuma, kabla mchezo haujaanza,
kule tulikokuwa hatukuoni ila tunakujua.

Ulikuwa mchimba chumvi. Basi.
Picha tatu na Kiingereza kidogo
ambacho Chedego alikisoma kwa kukisia,
kidole juu ya kioo, vumbi juu ya kidole:
"Anachimba. Wamekuja wenye mizani.
Wamempunja. Kabeba shoka."
Tukasema inatosha, bonyeza, twende.
Mia mbili yetu haikungoja maelezo.

Na lile kovu shavuni!
Nyemo, ambaye hakuwahi kulipa hata mara moja,
aliyechungulia dirishani akila ubuyu,
ndiye aliyeamua kuwa ni la uji:
sufuria ilipinduka, mtoto anatambaa,
mama yuko foleni ya maji.
Hakuna aliyebisha.
Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mtu
mwenye kovu la uji.

Sasa wanasema ni alama ya ukoo.
Wanasema babako alikuwa mfalme wa milima saba,
kwamba ulifichwa kwa wachimba chumvi
kama noti ndani ya soksi,
kwamba kovu huwaka mwezi ukipevuka
na milango ya chuma hufunguka yenyewe.
Kumbe hukukasirika. Uliandikiwa.
Kumbe wale wenye mizani
walikuwa wanakusindikiza tu kwenye kiti chako.

Dakika kumi na nne za maelezo, nimezihesabu,
huku luku inakula na Mhuji anaguna.

Ewe uliyeandika haya, popote kiyoyozi chako kilipo:
mtu hahitaji kuwa binti wa mfalme
ili auchukie wizi.
Kupunjwa kunatosha.
Sisi kulitutosha.

Chedego, siku hizi karani, viatu vya ncha,
anasema napiga kelele bure.
"Hata mji huu," anasema, "una hadithi mbili.
Shuleni walitupa tembo: alikuja kunywa maji, akadidimia.
Nyumbani je? Si waliiba ng'ombe, wakala,
wakachomeka mikia topeni,
wenyewe walipokuja wakaambiwa: poleni, wamezama!
Nani anamchora ng'ombe wa wizi ukutani?
Watu wanamchora tembo."

Nilikosa la kusema mpaka soda ikaisha gesi.
Kisha nikamwambia: lakini mikia ile, Chedego,
hakuna aliyekuja usiku kuing'oa.
Tembo anapita, mikia ipo, mtoto achague.
Huyu wamemfuta. Nimetafuta lile toleo la kwanza
kila mahali. Halipo.

Nilimpigia Nyemo, yuko Manyoni.
Nikamweleza mfalme, mwezi, milango.
Akauliza, "Na uji?"
Nikasema hakuna uji.
Akanyamaza, simu ikakatika;
labda salio, labda hasira. Sikujua.

Jumapili nilikwenda Hombolo, shambani kwa mama.
Zabibu zimeanza kuiva na ndege wanajua.
Mama amefunga kamba kati ya nguzo na nguzo,
makopo, vipande vya nailoni,
na katikati, imetobolewa kwa msumari,
diski yetu ya zamani, ile iliyochubuka
mpaka mashine ikaikataa.
Nilikuwa nimemletea mwenyewe, nikasahau.

Upepo ukaizungusha.
Mwanga ukakata mstari mrefu juu ya majani,
na ndege wote, wote,
wakaruka.

Mbukwa, mchimba chumvi.
Nikakaa chini nikamenya karanga.